Jina Lililobaki Rejistani

Shule ya Nyabusega, kwa njia ya Geita
4 Machi 1936

Dada Mwamvua,

Shikamoo. Mimi mzima, ukiacha viroboto. Kofia imefika, nimeivaa. Vileja vimefika vikiwa unga, nimevilamba.

Umeniuliza kama watoto hawa wanasoma kweli, au ninakula mshahara wa bure. Sasa wanasoma, lakini si kwa kile kitabu. Kile kimeandikwa na mtu wa pwani kwa watoto wa pwani. Ukurasa wa kwanza una nazi, wa pili una pweza. Mimi nina watoto thelathini na mmoja, Wasukuma, Wazinza, Wasumbwa, na Wanyasa wawili ambao baba yao anachimba dhahabu kwa Wazungu. Wachanganye wote, hakuna aliyewahi kuiona bahari. Mwaka jana mzima nimefundisha pweza. Nikawaambia ni mnyama wa majini, ana miguu minane na hana mfupa. Makoye, mkubwa wao, akauliza anakamuliwa wapi.

Januari nikakifungia kitabu sandukuni. Nikachukua chokaa, nikaandika majina yao wenyewe ukutani. Kila mtoto anajua jina lake lina sauti gani, kwa hiyo kazi ikabaki kuijua sura yake tu. Akishajua lake, anataka la jirani ili amtanie. Kila asubuhi tunayasoma yote kwa pamoja, darasa zima, mpaka kuku wa kijiji wanatawanyika. Wiki tatu tu, watoto kumi na wanne wakawa wanasoma. Sikufundishwa chuoni jambo hili, maana chuo chenyewe sikwenda. Nimelitoa kichwani mwangu.

Anayewashinda wote ni msichana wa miaka tisa, Mbuke binti Nkwabi. Na hapo ndipo nina neno. Juzi baba yake alikuja, akasimama mlangoni.

"Mwalimu, yule mtoto aliumwa sana wakati wa kulima. Mfumu Bujiku ametazama kwenye kuku. Bibi yake marehemu ndiye anayemtaka. Sasa anaitwa Minza, jina la bibi huyo."

Mfumu ndiye mganga wao; hupasua kuku akatazama matumbo yake. Nikasema, "Hongera."

"Si hongera. Lile la kwanza tumeliacha. Lisitajwe. Likitajwa linarudi, na halirudi peke yake."

Tatizo ni rejista. Majina aliyaandika karani wa boma kwa wino, na kwenye jalada imeandikwa kwamba kufuta ni kosa. Mwezi wa sita bwana mkaguzi atakuja, ataita jina moja moja kutoka humo. Majina na watoto wasipolingana, shule inafungwa, nami narudi jineri kubeba marobota ya pamba.

Nikamwambia Nkwabi nimesikia. Ni kweli nilisikia.

Ndugu yako,
Sabiti


Shinyanga, karibu na stesheni
14 Machi 1936

Sabiti mdogo wangu,

Marahaba. Mimi mzima, mafuta ya kukaangia vitumbua ndiyo hayana hali.

Nimeisoma barua yako mara mbili, maana nakujua. Ukiandika "nilisikia" ujue kuna kitu hukufanya. Umeliondoa jina la yule mtoto ukutani? Na asubuhi unamwitaje? Watu wale wamekupa mtoto wao bila kukujua baba wala babu. Wamekuomba neno moja tu, tena kwa adabu, mlangoni, wakati wangeweza kumwacha nyumbani achunge ndama.

Usinijibu habari za kuku. Nijibu hilo.

Dada yako,
Mwamvua


Nyabusega
27 Machi 1936

Dada,

Shikamoo. Nimefuta. Usiwe na wasiwasi.

Mvua ni nyingi. Darasa linavuja upande wa Wazinza, kwa hiyo wamehamia kwa Wasukuma na wanagombana kwa lugha tatu.

Kuna wazee sita wanaokuja kukaa nje ya shule tangu juzi. Wanafika kabla ya kengele, wanakaa chini ya upenu, wanaondoka nikifunga. Ninawasalimu, hawaitikii. Nimewapelekea maji, hawanywi. Labda wanapenda kusikia watoto wakisoma.

Jambo jingine dogo tu. Yule sheikh wa mtaani kwetu bado anaandika kombe? Hapa kuna mtoto ana homa. Nimesahau kipimo cha zafarani. Ukiweza kumpa Theonest, dereva wa lori la mahindi, atapita kwako Jumanne. Mwambie asichelewe.

Sabiti


Shinyanga
5 Aprili 1936

Sabiti,

Zafarani hiyo, imefungwa kwenye karatasi ya bluu, na chupa ndogo ya marashi. Chukua sahani nyeupe. Andika aya kwa kalamu ya ubua, na chini yake jina la mgonjwa na la mama yake, ajulikane anayeombewa. Mimina maji, andiko liyeyuke lote, anywe. Asubuhi tatu. Uwe na udhu, na usiwe na papara.

Mwandiko wako wa barua iliyopita umelala upande mmoja kama nyasi zilizokanyagwa. Ni mtoto yupi anayeumwa? Na wale wazee, wewe una akili zako, wazee sita hawaachi mashamba yao msimu wa palizi kwa kupenda kusikia watoto.

Nimemwambia Theonest asipokukuta shuleni akutafute mpaka akuone kwa macho yake.

Mwamvua


Nyabusega
15 Aprili 1936

Dada Mwamvua,

Shikamoo. Nilikudanganya.

Ukuta niliufuta, hilo kweli. Rejista sikuigusa. Kila asubuhi niliita "Mbuke" naye akaitika, kwa sababu ndivyo nilivyomfundisha. Nilimwambia shuleni aitike la kitabuni, nyumbani aitike la bibi, na bwana mkaguzi akishaondoka tutajua la kufanya. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa alale nyumba mbili kwa wakati mmoja. Lakini ni mtiifu, akaitika. Siku kumi na nne. Nimezihesabu kwa alama za mkono wangu mwenyewe.

Wenzake wakaanza kuziba masikio nikilifikia jina lile. Nikadhani ni mchezo.

Tarehe ishirini na nne nikaita kama kawaida. Sauti ikasema, "Nipo." Nikatia alama. Nilipoinua macho, mahali pake palikuwa patupu.

"Nani ameitika?" nikauliza.

Watoto wote walikuwa wameinama, vidole masikioni. Makoye peke yake alinitazama. Akasema, "Mwalimu, sisi tumeziba. Wewe ndiye uliyesikia."

Mchana nikaambiwa mtoto ameanguka kwa homa kando ya kisima asubuhi ile na hawezi kusimama. Kesho yake wale wazee ndipo walipoanza kukaa. Ni baba zake wakubwa na wadogo.

Zafarani yako ilipofika nilishukuru kama mfungwa. Nikaandika aya kwa herufi za Kiarabu, kwa mwandiko wangu ule unaousema. Chini nikaandika jina la mgonjwa, na hilo nikaliandika kwa herufi za Kizungu za shule, maana kwa hizo mkono wangu hautetemeki. Nikaandika Mbuke. Niliona Mungu anamjua kwa jina alilozaliwa nalo, hasumbuliwi na mageuzi ya Bujiku. Nilijiona mwerevu, Dada. Mabalaa yangu yote huanzia hapo.

Nikaenda. Nyumba imejaa moshi, mama amempakata mtoto, na Bujiku mwenyewe ameketi penye mafiga, mtu mwembamba mwenye kikohozi na koti la vita vya Mjerumani.

"Dawa ya kwetu," nikasema.

"Ya kuandika?" akauliza Bujiku.

"Ya kuandika."

"Mpeni. Mimi na yeye tukigombana, dawa zetu hazitajua."

Nilikuwa bado sijamimina maji. Mtoto akajiinua kwa kiwiko. Akaivuta sahani, akaweka kidole chini ya herufi, vile vile ninavyowafundisha, akasoma kwa sauti. M. Bu. Ke.

Dada, lile ndilo neno la kwanza mtoto wangu yeyote kulisoma nje ya darasa bila kuambiwa na mtu. Kwa miaka miwili nimeisubiri siku hiyo.

Akaniangalia. "Mwalimu, huyu niliambiwa ameondoka. Mbona ninywe huyu?"

Mama yake hakupiga kelele. Alimburuta mtoto mpaka ukutani, mbali na sahani, akamfunika kwa mwili wake mwenyewe. Nkwabi alikuwa mlangoni. Akasema, wala hakuwa akimwambia mtu, "Mwalimu alisema amesikia."

Bujiku akacheka. Heri angenipiga. "Mimi namtoa kwa mlango," akasema, "huyu anamrudisha kwa sahani." Kisha akaacha kucheka. "Yumo kwenye kitabu chako. Aliyemwita kila asubuhi ndiye amtoe, mbele ya watu. Tunakupa magulio mawili. Mtoto akifa jina likiwa humo, tutajua ameuawa na nani."

Nilipotoka, wale wazee sita walisimama. Siku zote hizo walikuwa wakikaa tu. Sikujua ni warefu kiasi kile.

Na leo tarishi ameleta habari kwamba bwana mkaguzi hatangoja mwezi wa sita. Anakuja tarehe kumi na moja Mei. Nikikata rejista nitafungwa. Nisipokata, sijui, na kutojua huko ndiko kunakonitia baridi. Ninakula nimesimama. Niambie la kufanya, upesi.

Sabiti


Shinyanga
22 Aprili 1936

Sabiti,

Nilikaa na barua yako mpaka vitumbua vikaungua. Mteja mmoja alinifokea, nikamfokea yeye zaidi, akaomba radhi yeye.

Sasa nisikilize. Nakwambia jambo ambalo mama aliniapisha nisikwambie.

Wewe hukuzaliwa Sabiti. Ulipokuwa na miaka miwili ulikuwa hukui. Tumbo kubwa, shingo ya ndege, macho yanatazama juu. Mama akakupeleka kwa sheikh, akaangalia nyota yako, akasema nyota na jina haviendani. Ukaitwa Sabiti Ijumaa moja, kwa ubani na mkate wa mchele, na lile la kwanza tukaliacha. Kwa hiyo usiniandikie tena "mageuzi ya Bujiku". Hata nyumbani kwetu yamo, na wewe umekua ndani yake.

Mama amekufa nalo. Nimebaki nalo mimi. Miaka ishirini na sita sijalitamka, hata siku ile ulipouza jogoo wangu, hata leo, na leo nimekukasirikia kuliko siku ya jogoo. Sijui kama lina nguvu. Sitaki kujua kwa kukujaribia wewe. Basi na yule mama hataki kujua kwa kumjaribia mwanawe. Huo ndio ujinga wake wote, na mimi ninao.

Ungekuwa na muda ningekwambia fikiri. Lakini wewe hulali, wale wazee hawaondoki, mtoto yuko kitandani. Kata. Jela watu huingia na kutoka.

Mwamvua

Nimesahau: usiandike tena dawa.


Nyabusega
3 Mei 1936

Dada,

Shikamoo. Nimekata.

Sikutaka kuchana ukurasa mzima, una watoto wengine kumi na watano. Nilichukua wembe na rula, nikaenda na rejista uani kwa Nkwabi siku ya gulio. Kijiji kizima kilikuwepo, na waliotoka gulioni na kuku zao mkononi. Nikaiweka juu ya kinu kilichopinduliwa. Rula iliteleza mara mbili, mzee mmoja katika wale sita akanishikia ukurasa. Hilo ndilo jambo la kwanza alilowahi kunifanyia.

Kikatoka kipande cha upana wa kidole. Nikampa Bujiku. Akarudi nyuma.

"Mimi sijui kusoma. Nitajuaje kama ndiye? Pengine umekata mwingine."

Watu wakanung'unika. Dada, sikuwa nimelifikiria hilo. Ningeweza kuwakatia jina la yeyote wasijue, na wao walilijua hilo kabla yangu. Nkwabi akasema, "Aitwe mwenyewe."

Wakamleta mgongoni kwa mama yake, amekonda kama mwiko. Nikakishika kipande mbele ya macho yake. Mimi nimewafundisha kusoma kwa sauti tu, kwaya nzima, sijui njia nyingine. Nikaogopa atalitamka tena, palepale, mbele ya watu wote wale. Nikataka kukiondoa, nimechelewa, macho yake yameshaanza kutembea. Midomo ikabaki imefungwa. Alisoma kimya. Hakufundishwa na mtu. Akatikisa kichwa kukubali, akalala tena mgongoni.

Nkwabi akakichukua kwa vijiti viwili, kama kaa la moto, wakaenda nacho upande linakozama jua. Mimi sikualikwa.

Siku ya tatu homa ikakatika kwa jasho. Bujiku anasema ni kazi yake. Theonest alikuwa amempa mama wa mtoto kwinini kutoka kwa dresa, anayetibu wachimbaji mgodini, anasema ni kazi ya kwinini. Mimi sisemi kitu, nina wembe mfukoni. Wale wazee hawapo tena chini ya upenu. Mmoja ameniachia mlangoni kibuyu cha maziwa ya mgando.

Ungedhani sasa ninalala. Rejista ina tundu katikati, nyoofu kama dirisha. Nilifikiri nitasema ni panya. Lakini ni panya gani anakata kwa rula? Nilifikiri kuandika Minza kwenye karatasi nyingine na kuibandika. Karani anaujua mwandiko wake. Bwana mkaguzi atauliza ni nani aliyekuwa hapo, na jibu ni neno moja. Nikilisema, nimepona mimi. Zimebaki siku nane. Mimi si shujaa, Dada, unanijua, hata mbwa wa stesheni nilikuwa nawazungukia kwa mbali. Naogopa nitalisema kabla hajamaliza kuuliza.

Niombee nisahau.

Sabiti


Nyabusega
20 Mei 1936

Mama Mwamvua,

Shikamoo. Mimi ni yule mtoto aliyekuwa anaumwa. Nimepona. Jana nimechota maji. Maneno marefu Makoye ananiandikia kwanza kwenye vumbi, halafu mimi nayaweka hapa.

Bwana alikuja Jumatatu na karani na askari mmoja. Tulisoma ukuta wote. Tulisoma wote thelathini na mmoja. Bwana alifurahi akapiga mguu wake kwa fimbo. Halafu akafungua rejista akaona tundu.

Akauliza, Hapa palikuwa na nani?

Mwalimu akasema, Mtoto huyo yupo, bwana, ameketi hapa.

Bwana akasema, Jina lake aliloandikwa ni lipi? Mwalimu akasema tena, Ameketi hapa.

Nikasimama nikasema ni mimi, Minza. Karani akasema, Minza sikumwandika mimi. Niliandika mwingine. Yule mwingine yuko wapi? Bwana akabadilika uso. Akasema, Mwalimu, kuna mtoto amepotea hapa?

Akauliza watoto mmoja mmoja. Alianza na Makoye. Makoye akasema, Sijui. Akaenda mstari wote. Sijui. Sijui. Hata wale Wanyasa wawili, na kwao hawana mambo haya, walisema hawajui. Mdogo kabisa alijikojolea lakini alisema hajui. Bwana akasema kwa hasira, Watoto hawa wamefundishwa kudanganya.

Mwalimu akasema, Hapana, bwana. Hilo hawakujifunza kwangu.

Askari akamshika mkono. Walipopita karibu na mimi Mwalimu alifungua mdomo. Nilijua atalisema. Nilifumba macho. Alisema, Funga mlango, mvua itaingia.

Baba na Bujiku wamekwenda bomani kumsemea. Leo ni siku ya sita hawajarudi. Mama halali. Shule tunafungua wenyewe, Makoye anapiga kengele, tunasoma ukuta, halafu hatujui kinachofuata. Tunaogopa watakuja kuupaka udongo.

Theonest anasema kama amefungwa, huko humvua mtu jina lake na kumpa namba. Anasema asubuhi wanaita namba, na mtu anaitika.

Wewe ni dada yake, watakuruhusu kumwona. Nenda upesi. Mwambie asiitike.

Minza binti Nkwabi